Pumu kwa Watoto wa Shule: Itajulikanaje?

Leo nazungumza nawe mzazi uliye na mtoto shuleni, na wewe mwalimu pia. Mtoto anayekohoa usiku kila baridi ya Julai inapoingia, au anayesimama akishika kifua huku wenzake wakiendelea kukimbia, huenda si mvivu. Huenda pia si nimonia inayorudi kila mwezi. Huenda ni pumu.

Ndani ya mapafu kuna mirija ya kupitishia hewa. Kwa mwenye pumu, mirija hiyo huwa imevimba kwa ndani hata siku ambayo anacheza vizuri. Akikutana na moshi, vumbi, baridi au mafua, misuli inayoizunguka hujikaza, makamasi huongezeka na njia huwa nyembamba. Hewa ikipita hapo kwa shida hutoa mlio kama filimbi.

Je, ni watoto wangapi? Utafiti uliochapishwa mwaka wa 1998 uliwapima watoto wa shule wa Nairobi na wa Murang'a kabla na baada ya kukimbia. Nguvu ya pumzi ilishuka kwa asilimia 10 au zaidi kwa watoto kama 23 katika kila 100 wa Nairobi, na kama 13 katika kila 100 wa Murang'a. Si wote hao wana pumu, maana kipimo kimoja hakitoshi. Lakini mwalimu mwenye darasa la watoto 50 asidhani kwamba kwake hayuko hata mmoja.

Ukija kliniki, usishangae tukikuuliza maswali mengi kuliko vipimo. Pumu haionekani kwa kupima damu, na picha ya eksirei yaweza kuwa safi kabisa. Tunataka kujua: kikohozi kinakuja na kuondoka? Huzidi usiku au alfajiri? Huanza akikimbia, akifagia darasa, akikaa karibu na jiko la makaa? Kuna mtu wa ukoo mwenye pumu? Ngozi humwasha? Kuhusu ule mlio, mmoja husema kifua kinalia, mwingine husema mtoto anakoroma. Mimi huuiga kwa mdomo wangu, na mama hutambua mara moja.

Mtoto wa miaka 6 kwenda juu anaweza kupuliza kwa nguvu kifaa cha kupimia pumzi. Hupuliza mara 3, tukaandika namba ya juu. Kisha anapewa dawa ya kufungua mirija, anasubiri dakika 15, anapuliza tena. Namba ikipanda sana, hiyo ni dalili kubwa ya pumu. Isipopanda siku hiyo, bado hatujaifuta, kwa sababu pumu hujificha siku mtoto yu mzima. Mrudishe siku kifua kinapomsumbua.

Lakini si kila mlio ni pumu. Kikohozi cha zaidi ya wiki 2 pamoja na kukonda, homa au jasho la usiku chapasa kupimwa kifua kikuu. Mlio ulioanza ghafla mtoto akila njugu au akichezea shanga, huenda kitu kimeingia njia ya hewa. Huyo mpeleke hospitali saa hiyo hiyo.

Wazazi wengi hukataa jina la pumu kwa kuogopa inhela. Husema ukiianza huwezi kuiacha, au ni ya wale walio karibu kufa. Hivyo mtoto hunyweshwa dawa ya kikohozi na antibiotiki mwaka mzima, huku mirija ikizidi kuvimba. Inhela haimfanyi mtu mtumwa wake. Ile ya kufungua kifua, ambayo mara nyingi ni ya buluu, hutuliza kwa muda tu. Uvimbe hutulizwa na inhela ya kuzuia. Mtoto anayetegemea ya buluu peke yake hajatibiwa sawasawa. Uliza ile nyingine.

Mwalimu, usiifungie inhela ya mtoto kabatini. Akishindwa kumaliza sentensi, mbavu zikizama anapovuta pumzi, au midomo ikibadilika rangi, mketishe wima, mpe mipulizo 4 ya inhela ya buluu, mmoja mmoja, na gari litafutwe papo hapo. Mkiwa njiani, kila baada ya dakika 20 mrudishie mipulizo 4.