Ritifaa ya Ng'ombe Mbele ya Tarakilishi

Makala haya yanadhamiria kueleza jambo dogo linaloweza kumwaibisha msomi wa Kiswahili aingiapo katika uundaji wa programu: namna ritifaa yetu inavyosomwa na tarakilishi. Tangu mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice, si ajabu tena programu kuzungumza Kiswahili. Kilichosalia ni kuhakikisha kwamba inakizungumza sawasawa.

Tuchukulie mwanafunzi wa Ramisi, huko Kwale, anayeandaa orodha ya maneno kwa ajili ya programu ya kukagua tahajia. Ameongeza msamiati wa Kichifundi kutoka Funzi, Shirazi na Bodo, neno moja katika kila mstari wa faili ya maneno.txt. Kwa kuwa orodha hubadilika kila siku, huandika faili ya usanidi inayoiagiza tarakilishi itekeleze amri fulani kila orodha inapoguswa. Amri hizo husomwa na sheli (si ile ya kujazia magari mafuta, bali mkalimani asimamaye baina ya mtumiaji na mfumo). Kila amri imalizapo kazi hurudisha nambari. Hapa walimu wataguna: sufuri ndiyo kufaulu, na nambari nyingine yoyote ni kuanguka.

Mwanafunzi wetu anataka jaribio lianguke iwapo mojawapo ya makosa mawili ya tahajia limo orodhani. Anaandika:

if grep -qx -e ng'gombe -e ng'gara maneno.txt; then exit 1; fi

Jaribio linafaulu. Kesho yake anaingiza ng'gombe orodhani makusudi, nalo linafaulu tena!

Kwa sheli, ritifaa si alama ya sauti. Ni alama ya kufungua na kufunga nukuu. Ya kwanza imefungua, ya pili imefunga, na vyote vilivyo kati, pamoja na nafasi, vimeshikamana. Amri ya grep haikupewa maneno mawili bali fungu moja: nggombe -e nggara. Mstari wa namna hiyo haumo orodhani, basi kila siku jibu ni kwamba hakuna kosa. Laiti neno lingekuwa moja tu, ritifaa ingekosa mwenzake, sheli ingelalamika, na kasoro ingeonekana papo hapo. Nayo YAML, mtindo unaotumiwa sana katika faili za usanidi, huipitisha ritifaa iliyo katikati ya neno bila swali, hivyo mwandishi haonywi.

Tiba ya haraka ni kulizungushia kila neno alama za nukuu mbilimbili: "ng'gombe". Mimi napendelea kuyaweka makosa yote katika faili ya makosa.txt, sheli isiyaone kabisa:

test -s makosa.txt
test -s maneno.txt
if grep -qxFf makosa.txt maneno.txt; then exit 1; fi

Mistari miwili ya mwanzo si pambo. Faili ikikosekana, grep hurudisha 2, nayo if huichukulia 2 kama vile neno halikupatikana. Jaribio lingefaulu kwa uongo uleule.

Faili hizi zisiandaliwe katika programu ya kuchapia barua. Hiyo huipinda ritifaa, na kwa grep iliyopinda na iliyonyooka ni herufi mbili tofauti: ng’ombe huyu si ng'ombe yule.