Mama, Kabla ya Kuchomwa Sindano za Kichina

Jioni moja baada ya mkutano wa akina mama kanisani, hapa Kasulu, binti mmoja mwenye mimba ya miezi saba alinivuta kando. "Mama," aliniambia, "nasikia unajua kubonyeza kama Wachina. Nibonyeze na mimi, kichwa kinaniuma siku ya tatu leo."

Ni kweli kwamba wiki iliyotangulia nilikuwa nimewaonyesha wenzangu jinsi ya kutuliza kichefuchefu kwa kubonyeza mkono. Lakini sikumbonyeza. Nilimwuliza, "Mwanangu, macho yanaona vizuri?" Akajibu kwamba anaona vimulimuli. Tulikwenda zahanati. Presha yake ilikuwa 170 kwa 110. Usiku ule ule alipelekwa hospitali, kabla kifafa cha mimba hakijamkamata. Leo yeye na mtoto wake ni wazima.

Kisa hicho ndicho kilichonifanya niandike.

Tiba hii ni nini?

Akupancha ni tiba ya kale ya Kichina. Mtaalamu huchoma sindano nyembamba sana, zisizo na dawa ndani, katika sehemu maalumu za mwili. Madaktari wa Kichina walifika Zanzibar mwaka 1964 na Tanzania Bara mwaka 1968, na miongoni mwa waliokuja tangu hapo wamekuwamo wataalamu wa sindano hizi. Kubonyeza sehemu hizo kwa kidole ni tiba ya ukoo huo huo.

Je, inasaidia?

Wazee wa China walisema sindano hufungua njia za nguvu mwilini. Sayansi haijaziona njia hizo. Kinachoonekana ni kwamba sindano huamsha neva, na mwili hutoa vitu vyake wenyewe vya kupunguza maumivu. Nchini Uingereza, mwongozo wa tiba wa mwaka 2012 ulikubali itumike kuzuia kipandauso na maumivu ya kichwa yatokanayo na mkazo. Lakini haitibu malaria, haiongezi damu, wala haichukui nafasi ya vidonge vya presha.

Tiba ya mashariki imetupatia zawadi kubwa pia. Dawa mseto ya malaria ina kiini cha mmea wa Kichina wa jamii ya pakanga. Mama Tu Youyou na wenzake walikipata mwaka 1972 baada ya kupima kwa subira, na mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel. Angalia, ndugu: dawa ilipimwa kwanza, kiasi chake kikajulikana. Kwa hiyo usimchemshie majani mtoto mwenye homa. Mpeleke akapimwe.

Je, Mkristo aweza?

Akina mama wengi huniuliza kama ni dhambi. Sindano ni chuma tu, na Luka naye alikuwa tabibu. Lakini mtu akikudai kafara ya mizimu au akikuvika hirizi, ondoka.

Ukienda kwa mtaalamu, hakikisha sindano ni mpya, inafunguliwa mbele ya macho yako na kutupwa baada ya kutumika. Sindano au wembe uliotumika kwa mwingine waweza kukuletea virusi vya UKIMWI au homa ya ini.

Unachoweza kufanya nyumbani

Sindano hizi hazipatikani katika kila zahanati ya Kibondo au Kasulu, lakini kidole unacho. Kwa kichefuchefu, geuza kiganja juu. Pima upana wa vidole vitatu kutoka mkunjo wa kifundo cha mkono kuelekea kiwiko. Katikati, kati ya kano mbili, bonyeza kwa gumba dakika mbili au tatu, kisha hamia mkono wa pili. Usibonyeze hadi kuumia.

Na ule uchovu wa mawazo? Mama wa huku huamka gizani, hulima, huteka maji, hubeba kuni, na usiku hulala akihesabu sare za shule. Eliya alipochoka hata akatamani kufa, Mungu alimpa kwanza usingizi na mkate. Nawe kunywa maji ya kutosha shambani, kula mchana, pumzika walau nusu saa, na mwambie baba watoto wazi kwamba mzigo umezidi. Usipolala majuma mawili, au ukiona maisha hayana maana, usione haya kumwona mganga wa zahanati.

Usikawie

Nenda zahanati upesi kichwa kikiuma sana ukiwa mjamzito, uso na mikono ikivimba, macho yakififia, homa ikipanda, au upande mmoja wa mwili ukilegea. Maumivu ni mlinzi anayebisha mlango. Mwulize kwanza amekuja kusema nini, ndipo umtulize.