Redio ya Upepo Garini: Usibanie Waya

Mwenye gari la utalii Arusha akitaka kufungiwa redio ya upepo, swali lake la kwanza huwa bei ya redio. Waya humwachia fundi achague. Mimi ningemshauri ageuze mambo: redio ya bei ya kati iliyofungwa sawasawa itamfaa porini kuliko redio ghali iliyoungwa kwa waya mwembamba.

Rahisi kuliko yote ni kuchomeka kwenye tundu la kuwashia sigara. Haigharimu kitu, na haifai. Redio ya VHF ya wati 50 ikibonyezwa kuzungumza huvuta ampea 10 hadi 12, na ya HF ya wati 100 hufika 20. Tundu lile halikukusudiwa mzigo huo, tena plagi yake hulegea kwa mitikisiko ya barabara za vumbi. Umeme uchukuliwe moja kwa moja kwenye betri.

Sasa unene. Tuseme betri iko mita 5 kutoka redio, yaani mita 10 kwenda na kurudi. Kwa ampea 20, waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5 hupoteza njiani volti zaidi ya 2. Wa milimita 6 hupoteza kama 0.6 tu. Gari likikwama injini imezima, betri ya volti 12.5 itafikisha volti 10 na kidogo kupitia ule mwembamba: utawasikia wenzako, lakini ukibonyeza kuomba msaada redio inaweza kuzima. Tofauti ya nyaya hizo mbili ni kama gramu 400 za shaba, basi. Kwangua ncha kabla ya kulipa. Ukiona weupe ndani, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba, iache dukani.

Fyuzi ikae karibu kabisa na betri. Iliyo nyuma ya redio huilinda redio, haiulindi waya. Na waya ukichubuka pale unapopita kwenye bati kuingia ndani, bila fyuzi ya betri gari linaweza kuungua. Tundu la kupitishia waya hapo livalishwe mpira.

Kwenye ethi kuna njia mbili. Waya hasi ukienda hadi kwenye betri, nao uwekewe fyuzi, maana ethi ya injini ikikatika, umeme wa stata utatafuta kurudi kupitia redio yako. Mimi napendelea kuufunga kwenye bodi, pale kebo hasi ya betri inapofungwa, hasa kwa magari mapya yenye kihisi kwenye nguzo hasi. Kwangua rangi mpaka chuma king'ae, weka washa yenye meno, kaza, kisha paka grisi. Gharama ya kazi hiyo ni msasa na robo saa, lakini mafundi wengi huiruka.

Antena ya sumaku ni nafuu na haihitaji kutoboa, ila paa la kuinuka la faiba haliishiki wala haliipi ethi. Kwa gari kama hilo nunua kishikizo cha chuma, ukifunge kwenye bodi. HF inadai zaidi: ukanda mpana wa shaba iliyosukwa, mfupi iwezekanavyo, kutoka kitako cha antena hadi kwenye bodi.

Malori kama Fuso huwa na volti 24, na hapo ndipo hasara kubwa hujificha. Fundi atakuambia uchukue volti 12 kwenye betri moja kati ya mbili, bure. Kataa. Betri hiyo itakuwa haijai, mwenzake atachajiwa kupita kiasi, na zote mbili zitakufa mapema. Kibadilishaji cha volti 24 kwenda 12 chenye ampea 30 ni ghali leo, lakini kinaokoa jozi ya betri.

Kwenye bajeti ongeza leseni ya masafa kutoka mamlaka ya mawasiliano, TCRA. Kisha kabla ya kumalizia malipo ya fundi, pima volti kwenye betri na nyuma ya redio huku kitufe kimebonyezwa. Tofauti ikizidi volti moja, arudie kazi.