Mkufunzi anapouguliwa na mkewe, nani ashike saa uwanjani?

Ikiwa umewahi kupita Kericho alfajiri, msomaji mpendwa, bila shaka umewaona. Ukungu ungali umelala juu ya majani chai, wachumaji hawajafunga vikapu mgongoni, na tayari vijana wanapita mbio kandokando ya barabara, mmoja nyuma ya mwingine, pumzi zikitoka kama moshi. Mbele yao au nyuma yao hakosi mtu mmoja mwenye saa mkononi. Huyo ndiye mkufunzi.

Nchi hii ya majani chai imezoea kumsifu anayekimbia. Wilson Kiprugut Chumo, aliyezaliwa Kericho, ndiye aliyeiletea Kenya medali yake ya kwanza ya Olimpiki, ile shaba ya mita 800 mjini Tokyo mwaka 1964. Miaka 60 baadaye, mzaliwa mwingine wa Kericho, Beatrice Chebet, alitwaa dhahabu mbili mjini Paris, za mita 5,000 na mita 10,000. Lakini ni nani anayemuuliza mkufunzi amelalaje? Ni nani anayejua kama jana usiku alikuwa macho akimshikia mkewe beseni?

Swali hili si la kubuni tu. Mkufunzi ni mtu kama wewe na mimi. Mkewe huugua, na ugonjwa hauangalii kalenda ya mashindano.

Kombe na kaburi

Mashabiki wa kandanda wanamkumbuka Louis van Gaal, Mholanzi aliyeifunza Ajax ya Amsterdam kuanzia mwaka 1991. Wengi wanakumbuka usiku wa Mei 24, 1995 mjini Vienna, kijana Patrick Kluivert alipofunga bao la pekee dhidi ya AC Milan na Ajax ikawa bingwa wa Ulaya. Wanakumbuka pia kwamba msimu huo Ajax haikushindwa hata mechi moja ya ligi ya nyumbani.

Wasichokumbuka wengi ni kwamba mwaka mmoja tu kabla ya hapo, mwaka 1994, Van Gaal alimzika mkewe, Fernanda, aliyeuawa na saratani. Walikuwa na binti wawili. Kwa hivyo wakati magazeti yakisifu jinsi alivyowapanga vijana wake uwanjani, mtu huyo alikuwa akipanga mambo mengine nyumbani: dawa, hospitali, watoto, na hatimaye mazishi.

Usije ukadhani, msomaji, kwamba kisa hiki kinafundisha kuwa mwanamume wa kweli hujikaza na kazi ikaendelea. La hasha. Ajax ni klabu kubwa. Ilikuwa na wakufunzi wasaidizi, madaktari wake na fedha zake. Mkufunzi alipovunjika moyo, klabu haikusimama. Mkufunzi wa kambi ndogo ya riadha huko Londiani au Sotik hana jeshi kama hilo. Akikosa kufika asubuhi, mara nyingi hakuna mazoezi, na asipopata wa kumshindia, hakuna senti.

Alex Ferguson naye alipotangaza kustaafu Manchester United mwaka 2013, baada ya zaidi ya miaka 26, alieleza kwamba mkewe, Cathy, alikuwa amefiwa na dada yake na alikuwa amebaki mpweke. Aliona zamu ya nyumbani imefika. Huyo alikuwa amekwisha kushinda kila kitu. Lakini afanyeje yule ambaye bado anatafuta karo?

Ugonjwa unaoijua njia ya Bomet

Familia za Bomet na Kericho hazihitaji kwenda Ulaya kutafuta mfano. Mnamo Julai 29, 2019, gavana wa Bomet, Dkt Joyce Laboso, alifariki kutokana na saratani. Alikuwa mmoja wa wanawake watatu wa kwanza kuchaguliwa magavana nchini mwaka 2017. Mwaka huo wa kifo chake alikwenda kutibiwa Uingereza na kisha India, akarudi nyumbani na kulazwa Nairobi. Alimwacha mumewe, Edwin Abonyo, na watoto.

Angalia jambo moja hapa. Gavana alipokuwa hospitalini, kaunti haikufungwa. Katiba ilikuwa imempa naibu, Dkt Hillary Barchok, ambaye baadaye aliapishwa kuwa gavana. Kazi ilikuwa na mtu wa kuishika. Ni wakufunzi wangapi wenye naibu? Wengi hudhani kumfunza mtu mwingine kushika saa ni kumkaribisha mwizi wa wanariadha. Siku mke anapolazwa ndipo mkufunzi anapogundua kwamba wivu huo umemfunga kamba.

Bomet ina sababu zaidi ya kujiandaa. Saratani ya umio, yaani ule mrija unaopeleka chakula tumboni, imewasumbua sana watu wa eneo hili. Madaktari wa Hospitali ya Tenwek, iliyoanzishwa na wamishonari mwaka 1937, wamekuwa wakiwapokea wagonjwa wake kwa miaka mingi, wakiwemo vijana wasiotimiza hata miaka 30. Dalili yake ya kwanza ni ya kudanganya. Mtu huona ugali au nyama inakwama kidogo. Anakunywa maji, inashuka, anasahau. Baadaye anahamia uji. Anapofika hospitalini, mara nyingi hata mate yanapita kwa shida.

Hapo madaktari hutazama ndani kwa kamera ndogo. Ugonjwa ukiwa bado mchanga, upasuaji na tiba nyingine huweza kusaidia. Ukiwa umekomaa, huwekwa mrija wa kupanua njia ili mgonjwa aweze kula tena. Mrija huo hauponyi, ila humrudishia mtu heshima ya kumeza chakula chake mwenyewe.

Kuhusu chanzo, wataalamu hawakunyooshea kitu kimoja kidole. Tumbaku na pombe zimo. Mwaka 2016, tawi la Shirika la Afya Duniani linalotafiti saratani lilisema kwamba vinywaji vya moto sana, vinavyozidi nyuzijoto 65, huenda vinasababisha saratani ya umio. Sisi tulio katika nchi ya chai, tuelewe vyema: kosa si la chai, ni la moto wake. Mimina, ngoja kidogo, kisha unywe.

Sheria inasema nini?

Mkufunzi aliyeajiriwa, tuseme na shule au kampuni, huenda akadhani kuna likizo ya kumuuguza mke. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi likizo ya siku zisizopungua 21 za kazi kwa mwaka, likizo ya ugonjwa akiugua yeye mwenyewe, na wiki mbili mkewe anapojifungua. Haina kifungu cha likizo ya kumuuguza mume au mke. Anayetaka siku za ziada hana budi kumwomba mwajiri, na mwajiri ana hiari. Ndiyo maana inafaa kuzungumza naye mapema, kabla siku zote 21 hazijakwisha moja moja kwenye foleni za hospitali.

Na yule anayeishi kwa sehemu ya zawadi za wanariadha hana hata hizo 21. Kwake, bima ndiyo mwavuli. Tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilipochukua nafasi ya NHIF, mchango umekuwa asilimia 2.75 ya mapato, na usiopungua Sh300 kwa mwezi. Usingoje mgonjwa akiwa kitandani ndipo uanze kutafuta kitambulisho cha kujiandikisha.

Mkono wa mwanamume

Kuna jambo jingine ambalo hatulisemi waziwazi. Mke akiugua, jamaa husema, "Tumwite dada yake aje." Mwanamume anayemwosha mkewe na kumlisha uji kwa kijiko huonekana amepungukiwa. Matokeo yake, mkufunzi hukimbilia uwanjani si kwa sababu kazi imezidi, bali kwa sababu haogopi kilima cha kilomita 30 kama anavyoogopa chumba cha mgonjwa.

Kwa upande mwingine, asilaumiwe kila anayekwenda uwanjani. Saa mbili za asubuhi miongoni mwa vijana wenye afya huweza kumpa nguvu za kuukabili mchana. Tofauti ni moja: je, amekwenda kupumzika, au amekwenda kujificha?

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Lakini katika jambo hili, aulizwe. Wapo wake watakaosema, "Nenda, ukirudi unisimulie nani ameshinda." Wapo watakaosema, "Leo kaa." Mkufunzi anayejua kusoma uso wa mwanariadha aliyechoka katika mzunguko wa 20, atashindwaje kuusoma uso wa mke wake?

Na wanariadha waambiwe ukweli. Si lazima wajue kila kitu, lakini wajue kwa nini mwalimu wao hacheki siku hizi. Vijana wakifichwa hudhani wamekosea. Wakiambiwa, mkubwa wao huweza kuongoza mazoezi, mwingine akachota maji kule nyumbani, mwingine akawasaidia watoto masomo. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Ewe mwanafunzi unayesoma ukurasa huu, huenda nawe una mwalimu wa michezo anayekuja uwanjani kila jioni. Kesho kabla hajapuliza kipenga, msalimu kwanza. Muulize, "Mwalimu, nyumbani hawajambo?" Kisha ungoje jibu. Huenda hakuna mtu mwingine aliyemuuliza tangu Jumatatu.