JE, WAJUA? KUPANDA DARASA NI JAMBO MOJA, KUJUA KUSOMA NI JINGINE

Mzazi wa Tarime na Serengeti, yasome haya kabla mwanao hajaingia kwenye chumba cha upimaji.

Je, wajua kwamba usomaji wa mtoto hupimwa tangu Darasa la Pili? Kinachotazamwa ni KKK: Kusoma, Kuandika na Kuhesabu. Mtaala wa 2015 wa madarasa mawili ya mwanzo ulijengwa juu ya stadi hizo tatu.

Je, wajua kwamba kasi iliyowekwa nchini kuwa kipimo cha msomaji mzuri wa Darasa la Pili ni maneno 50 ya Kiswahili kwa dakika, yakisomwa kwa usahihi? Saa ya simu ya kitochi inatosha kupimia.

Je, wajua kwamba unaweza kumpima mwenyewe nyumbani? Tafiti za Uwezo, zilizopita kaya kwa kaya Tanzania kuanzia 2010, zilitumia ngazi nne: silabi, maneno, aya na hadithi. Mpe mtoto ukurasa asiowahi kuuona, maana ule wa zamani huenda ameshaukariri.

Je, wajua kwamba mtoto anaweza kutamka kila neno asielewe kitu? Akimaliza kusoma, mwambie akusimulie kwa Kikurya, Kingoreme au Kiikoma. Akishindwa kusimulia, alikuwa anatamka tu.

Je, wajua kwamba Kikurya kina irabu saba na Kiswahili tano? Irabu za Kiswahili hazimshindi mtoto wa Tarime. Kinachompungukia mara nyingi ni msamiati, na huo huongezwa kwa kumsimulia hadithi na kumtajia vitu kwa lugha zote mbili.

Je, wajua kwamba silabi hufundishwa kwa mfuatano? Mtoto anayebakizwa nyumbani kuchunga ng'ombe kila siku ya mnada hurudi darasani akakuta wenzake wameshavuka hatua.

Je, wajua kwamba Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne huendeshwa na Baraza la Mitihani, NECTA, kwa kawaida mwishoni mwa Oktoba? Anayepata A, B, C au D huhesabiwa amefaulu kuendelea na Darasa la Tano. Anayepata E hukariri darasa.

Je, wajua kwamba D hiyo hiyo, Darasa la Saba, si ufaulu? Huko wanaofaulu ni wa A, B na C. Kwa hiyo D ya Darasa la Nne si ya kushangilia. Ni onyo, na muda wa kurekebisha bado upo.

Je, wajua kwamba ng'ambo ya Sirari, upande wa Isebania, sheria ni nyingine? Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya 2013, kifungu cha 35, inakataza mwanafunzi kuzuiliwa darasa. Ukimhamisha mtoto kuvuka mpaka, usidhani kanuni zinafanana.

Je, wajua kwamba kila mwanafunzi ana namba ya PREM, inayotumika katika uhamisho na matokeo? Iandike mahali pa salama. Matokeo huwekwa kwenye tovuti ya NECTA kwa mkoa, halmashauri na shule.

Je, wajua kwamba mtoto aliyechelewa au aliyeacha shule ana mlango wa kurudia? Unaitwa MEMKWA, Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Walioikosa.

Je, wajua kwamba sera mpya ya elimu inafanya elimu ya msingi kuwa miaka sita, na mwaka 2027 wa Darasa la Sita na la Saba wanatarajiwa kuhitimu pamoja? Muda wa kuzembea umepungua.

Je, wajua kwamba Azimio la Musoma la 1974, lililoharakisha elimu ya msingi kwa kila mtoto nchini, lilipitishwa katika mkoa wetu huu wa Mara? Kumpeleka mtoto shule ilikuwa hatua ya kwanza. Kuhakikisha anasoma ndiyo kazi yetu sasa.

Basi mzazi, usingoje Oktoba. Nenda shuleni muhula huu, kupitia UWAWA, Ushirikiano wa Wazazi na Walimu, au peke yako, umuulize mwalimu mambo matatu: mwanangu yuko ngazi gani ya kusoma, anakwama wapi, na mimi nifanye nini nyumbani? Kuuliza ni haki yako, na mtoto anayeulizwa habari zake hasahauliki darasani.