Mgonjwa Anatafuta "Presha", Wewe Umeandika "Shinikizo la Damu"

Je, msomaji, ikiwa unamiliki kliniki mjini Kapsokwony na umemlipa kijana akutengenezee tovuti, umewahi kujiuliza ni maneno gani mgonjwa huandika kwenye simu yake kabla hajakufikia? Aghalabu wenye kliniki hujaza tovuti maneno mazito kama vile "huduma bora za afya kwa jamii", kisha hushangaa kuona hakuna anayepiga simu. Mtu anayeumwa na jino usiku wa manane haandiki maneno kama hayo.

Tuanze na jina la mahali, maana hapo ndipo wengi hukwama. Kapsokwony iko kwenye miteremko ya Mlima Elgon, katika kaunti ya Bungoma, na ni rahisi mtu kujiita "kliniki ya Mlima Elgon". Lakini mlima huo ni mkubwa, na mpaka wa Kenya na Uganda unapita juu yake. Isitoshe, mjini Kitale, kaunti ya Trans Nzoia, kuna hospitali iitwayo Mount Elgon, na hapo Kapsokwony penyewe pana hospitali ya serikali yenye jina hilo hilo la mlima. Anayetafuta kwa jina la mlima anaweza kuelekezwa Kitale ilhali wewe u jirani yake. Kwa hivyo taja Kapsokwony. Taja pia Kaptama na Kimilili iwapo wagonjwa wako hutoka huko.

Baada ya hapo, sikiliza watu. Mwombe karani wa mapokezi aweke daftari kwa majuma mawili na aandike maneno yale yale wagonjwa wanayotumia. Utaona "presha", "sukari", "alsa", "taifodi", "kung'oa jino". Shinikizo la damu na kisukari ni maneno ya vitabuni. Wengine hutafuta kwa Kiingereza kwa kuwa ndicho walichosomea, basi weka lugha zote mbili.

Hata hivyo, yapo maneno yasiyofika mapokezi. Nani atasimama mbele ya foleni na kutamka bawasiri, kisonono au kukosa kushika mimba? Hayo mtu huyaandika akiwa peke yake, na pengine ndiyo yenye haja kubwa zaidi ya kupata jibu. Muulize tabibu wako, kwa maana yeye huyasikia mlango ukishafungwa.

Kisha andika kila neno katika Google na utazame jinsi inavyolimalizia. Usivunjike moyo ukiona kwamba neno lenye jina la Kapsokwony linatafutwa na wachache. Neno "hospitali" pekee litakushindanisha na nchi nzima, lakini anayeandika "kliniki ya watoto Kapsokwony" yuko karibu kufika mlangoni.

Maneno hayo yaweke kwenye kichwa cha ukurasa na katika sentensi za mwanzo, kila huduma na ukurasa wake. Akija fundi wa kukuuzia orodha ya maneno yaliyofichwa ndani ya tovuti, mwambie kwamba Google ilitangaza mwaka wa 2009 kuwa haiitumii katika kupanga matokeo. Na bima je? SHA ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Ikiwa umesajiliwa, sema hivyo waziwazi.

Lililo zito kuliko yote ni hili: usiweke neno la huduma usiyokuwa nayo. Ukiandika "upasuaji wa kujifungua" ili upate wateja, na huna chumba cha upasuaji, kuna mama mwenye uchungu atakayepakiwa kwenye bodaboda usiku, katika mvua na utelezi wa huko mlimani, aje kugonga mlango usioweza kumsaidia. Saa hizo alizopoteza hazirudi. Andika unachokifanya, saa unazofungua, na nambari ya simu inayopokelewa.

Baada ya miezi mitatu hivi, fungua Search Console ya Google, ambayo ni ya bure, uone watu walikufikia kwa maneno gani. Ukikuta wengi walitafuta daktari wa meno na kwako huja Alhamisi tu, andika Alhamisi.