Kazi ya Kamisheni: Tupime Kabla ya Kuacha Mshahara



Miongoni mwa kazi zinazowavutia vijana wetu hapa Uingereza ni ushauri wa fedha unaolipwa kwa kamisheni. Mwajiri huahidi uhuru wa wakati na pato lisilo na mpaka, na mwenye mshahara mdogo na watoto wa kulea huanza kupiga hesabu. Kazi hii haifai kubezwa. Udalali ni kazi kongwe kwetu, na fikihi inaukubali pale ambapo ujira unajulikana na kinachouzwa ni halali. Hata hivyo, kabla ya kuandika barua ya kuacha kazi yapo mambo matatu ya kupimwa.

La kwanza ni sheria. Baina ya 1988 na 1994 wafanyakazi wengi wa nchi hii, wakiwemo wauguzi, walimu na wachimba makaa, walishawishiwa waache pensheni nzuri za waajiri wao na kununua za binafsi. Wauzaji walikuwa wakilipwa kamisheni, na baadaye makampuni yalilazimika kulipa fidia ya mabilioni ya pauni. Tangu mwisho wa 2012 mshauri haruhusiwi kupokea kamisheni kwa kupendekeza uwekezaji mpya au pensheni mpya. Hulipwa ada waliyokubaliana na mteja, na sharti awe na stashahada ya daraja la 4. Kamisheni imebaki hasa katika bima ya maisha na mikopo ya nyumba. Basi anayeahidiwa kamisheni tupu aulize atauza nini hasa. Kwa Muislamu swali hili lina uzito zaidi, kwani wanazuoni wengi wamekataza mkopo wa riba na bima ya kawaida. Amuulize mwanachuoni kabla ya kutia saini.

La pili ni hesabu. Kamisheni ya bima aghalabu hulipwa mapema. Mteja akiacha kulipa kabla ya muda uliowekwa, ambao mara nyingi hufika miaka 4, sehemu yake hudaiwa irudishwe. Tuseme umepokea pauni 800 kwa muda wa miezi 48, na mteja akaacha baada ya miezi 12: utadaiwa pauni 600, nazo huenda zimekwisha kuliwa zamani. Aidha, aliyejiajiri hana kima cha chini cha mshahara, wala likizo ya malipo, wala mchango wa mwajiri katika pensheni.

La tatu, nalo ndilo zito kuliko yote, ni wateja. Makampuni mengine humtaka mgeni aandike majina ya watu 100 anaowajua. Kwetu sisi orodha hiyo ni shangazi, mjomba, wazee wa msikitini na jirani tuliyetoka naye mtaa mmoja. Wengi wao watanunua kwa kukuonea haya tu. Orodha ikimalizika, kampuni itatafuta mgeni mwingine mwenye majina mapya. Wewe utaendelea kukutana na jamaa hao hao arusini na matangani, na kila aliyepata hasara atakukumbuka wewe, wala hatalikumbuka jina la kampuni.

Kwa hiyo, mwenye nia aombe majibu kwa maandishi. Je, upo mshahara wa kuanzia, au ni mkopo utakaokatwa katika kamisheni? Wateja watatoka wapi? Nani atalipia mitihani? Nikiondoka, wateja ni wa nani, na madeni ni ya nani? Aitafute kampuni katika daftari la FCA, mamlaka inayosimamia huduma za fedha, ambalo kila mtu hulitazama bure. Tena awe na akiba ya matumizi ya miezi 6 walau.

Fani yenyewe ni njema, na jumuiya yetu inahitaji watu wake wanaoielewa pensheni na kodi. Anayeanza kwa mshahara, kama msaidizi katika ofisi ya washauri, huku akisomea mitihani yake usiku, hufika huko huko bila ya kuiweka rehani imani ya jamaa zake. Mali bila daftari hupotea bila habari, na heshima ni mali.

Wabillahi tawfiq.